Nimebakiza miaka miwili kustaafu: nitaishije bila kuwategemea watoto?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Muheza, Tanga, nina miaka 58. Nitastaafu kwa lazima nikifika 60, nikiwa nimetimiza miezi 360 ya utumishi. Mshahara wangu ni shilingi 1,500,000 na mkononi napokea kama 880,000 baada ya makato yote, pamoja na mkopo wa benki wa 210,000 kwa mwezi ambao umebakiza miezi 14. Nimepiga hesabu nikaona nitapata mkupuo wa kama milioni 55 na pensheni ya kama 558,000 kwa mwezi. Nyumba yangu bado haina dari wala plasta ya nje. Mwanangu wa pili anaomba mtaji, na rafiki yangu ananishauri ninunue Noah ya abiria. Wenzangu wawili niliofundisha nao walifariki kabla ya kumaliza miaka miwili nje ya kazi, na hilo linanitisha kuliko hata pesa. Je, niondoke sasa kwa hiari nikiwa bado na nguvu? Na huko mbele nitaishije bila kuwa mzigo kwa wanangu?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Nianze na hilo la kuondoka sasa, maana ndilo lenye haraka. Kama daktari hajakuambia kwamba kazi inakuumiza, usiondoke. Miaka miwili iliyobaki ni ya thamani kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya mshahara.

Hesabu yako umeipiga sawasawa, nami nairudia ili na wengine waifuate. Kanuni ya mafao ya PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, inachukua miezi uliyochangia, inaigawa kwa 580, kisha inazidisha kwa wastani wa mshahara wako wa mwaka. Wastani huo unatokana na miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi ndani ya miaka kumi ya mwisho. Kwako ni 360 kugawa kwa 580, mara milioni 18 (yaani 1,500,000 kwa miezi 12), unapata kama shilingi 11,172,000. Hiyo ndiyo pensheni yako nzima ya mwaka. Mkupuo, yaani pesa unayolipwa mara moja, ni asilimia 40 ya hiyo ikizidishwa kwa 12.5, yaani kama 55,860,000, na asilimia 60 inayobaki ikigawanywa kwa miezi 12 inakupa hizo 558,000. Hiyo asilimia 40 ndiyo iliyotangazwa kwenye bajeti ya mwaka 2024/25 kwa kundi la watumishi ambao zamani walikuwa wakilipwa nusu kwa nusu. Kabla ya hapo, tangu Julai 2022, ilikuwa 33.

Sasa angalia miezi 24 inabeba nini. Ukiondoka leo unapoteza kama shilingi 3,724,000 kwenye mkupuo na kama 37,000 kwenye pensheni ya kila mwezi kwa maisha yako yote. Juu ya hapo unapoteza mishahara ya miaka miwili, na deni la benki linakufuata nyumbani. Nakuomba pia uangalie jambo moja: kama hiyo 1,500,000 umeanza kuipata karibuni kwa kupandishwa daraja, wastani wa miaka mitatu utakuwa chini ya hapo na mafao yatapungua. Kubaki hadi 60 ndiko kunakoupa mshahara mpya muda wa kuingia kwenye wastani.

Kwa hiyo miaka miwili unayo. Ninalotaka kukushawishi ni kwamba uitumie kuishi kama mstaafu wakati mshahara bado unaingia. Wastaafu wengi niliokaa nao mezani walisubiri siku ya barua ndipo waanze kujipanga, wakajikuta wanaamua mambo makubwa ndani ya wiki chache, pesa nyingi ziko benki na watu wengi wako mlangoni. Wewe anza mwezi ujao. Mshahara ukiingia, weka 558,000 pembeni na useme hiyo ndiyo pensheni. Kaa na mama watoto muishi ndani ya hiyo: chakula, umeme, maji, michango ya misiba na harusi, sadaka, vocha. Kinachobaki, kama 322,000, kisiguswe kwa matumizi ya nyumbani.

Kwa miezi 14 ya mkopo, hiyo 322,000 inafika shilingi 4,508,000. Mkopo ukiisha unaongeza zile 210,000, unatenga 532,000 kwa miezi kumi, nayo ni 5,320,000. Jumla ni kama 9,828,000 kabla hujagusa hata senti ya mkupuo. Hiyo ndiyo pesa ya dari na plasta. Nyumba iishe kwa mshahara, maana fundi akikuta mkupuo atapata sababu ya kuongeza vyumba, geti na vigae hadi robo ya pesa iwe ukutani. Na tafadhali usiongeze mkopo mwingine sasa. Utapigiwa simu na kuambiwa unakopesheka, na baada ya kustaafu utaambiwa tena kuwa kuna mikopo ya wastaafu. Kila shilingi ya marejesho inatoka kwenye pensheni ambayo haina nyongeza ya cheo.

Faida ya jaribio hili ni zaidi ya hizo milioni tisa. Baada ya miezi sita mtajua kama 558,000 inawatosha au hapana, na haitatosha wapi. Wengi huniambia wanahitaji laki tisa kwa mwezi kwa sababu ndizo wanazopokea, lakini hawajawahi kuandika zinakwenda wapi.

Nije kwenye mkupuo wenyewe. Vijana siku hizi wanazungumza sana kuhusu uhuru wa kifedha, na kipimo kinachotajwa mara nyingi ni kuwa na akiba mara 25 ya matumizi ya mwaka. Kipimo hicho kinatokana na kazi ya mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, aliyeonyesha mwaka 1994, kwa kutumia historia ya hisa na dhamana za nchini kwao, kwamba mtu angeweza kuchukua kama asilimia 4 ya akiba yake mwaka wa kwanza, kisha aongeze kidogo kidogo kufuata bei za vitu, na pesa ikadumu miaka 30. Ni kazi nzuri, lakini usiichukue kama ilivyo. Mtu wa Bengen anaishi kwa akiba yake. Wewe una pensheni ya maisha, na akiba inatakiwa kuziba pengo tu.

Tuseme jaribio lenu limeonyesha kwamba mnahitaji 800,000 hadi 850,000 ili kuishi vizuri, si kubana tu. Pengo ni kama laki tatu kwa mwezi, milioni 3.6 kwa mwaka. Mara 25 ni milioni 90, na huna. Kwa kipimo hicho hujafika. Lakini hatifungani za serikali ya Tanzania, ambazo ni kuikopesha serikali pesa zako kwa riba, kwa muda mrefu zimelipa riba kubwa kuliko dhamana alizozitumia Bengen. Ukinunua za milioni 30 kwa riba ya asilimia 12, na huu ni mfano tu kwa sababu kila mnada una kiwango chake, unapata 3,600,000 kwa mwaka, zikiingia 1,800,000 kila baada ya miezi sita. Pengo limezibwa, na milioni 30 zenyewe bado zipo.

Hatifungani zinauzwa na Benki Kuu kwa mnada, za miaka 2 hadi 25, nawe unaingia kupitia benki ya biashara au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Watakufungulia akaunti ya dhamana, na mnunuzi mdogo anaweza kuanza na milioni moja. Usinunue zote siku moja. Nunua nusu, kisha nusu nyingine baada ya miezi mitatu, ili riba iwe inakufikia mara nne kwa mwaka. Mzee wa miaka 60 akisikia hatifungani ya miaka 20 huuliza nitakuwepo? Swali la haki kabisa. Inaweza kuuzwa sokoni kabla ya muda wake, ila bei ya siku hiyo inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, na ukifariki inaingia kwenye mirathi kama mali nyingine. Ndiyo maana napendelea uchanganye ya miaka 10 na ya 20.

Shida ya mpango huu inaonekana polepole. Riba ya hatifungani haipandi, na pensheni hupanda pale tu inapoamuliwa ipande. Vitu vikipanda bei kwa asilimia 4 kwa mwaka, laki tatu ya leo itakuwa na nguvu ya kama 148,000 baada ya miaka 18, wakati huo una miaka 78. Umri huo ndio wa kuhitaji dawa na msaidizi wa nyumbani. Kwa hiyo kwenye kila riba ya 1,800,000 inayoingia, rudisha walau laki sita kwenye uwekezaji kwa miaka kumi ya kwanza, na wakati huo muishi kwa 750,000 au 760,000 kwa mwezi. Zaidi ya hapo, tenga milioni 10 za mkupuo ambazo hutazigusa, uziache zikue. Mfuko wa Umoja wa UTT AMIS, kampuni ya uwekezaji wa pamoja, ulioanza mwaka 2005, unachanganya hisa na dhamana, na kwa mwalimu asiye na muda wa kufuatilia soko unafaa. Thamani ya vipande, yaani sehemu za mfuko unazonunua, inaweza kupanda na kushuka, kwa hiyo hizo ni pesa za ukiwa na miaka 70 na kuendelea. Milioni 4 nyingine weka mahali pa kuzipata ndani ya siku chache, kama Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS hao hao au akaunti ya akiba, kwa ajili ya ugonjwa, msiba au paa kung'oka.

Hapo umefikia milioni 44. Zinabaki kama 11,860,000, na ndizo pekee zinazoruhusiwa kujadiliwa na familia.

Kuhusu Noah, Mwalimu, hapana. Gari la abiria linahitaji leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, bima, gereji, matairi, na juu ya yote dereva atakayekuletea hesabu jioni. Anayefaulu kwenye biashara hiyo ni yule anayeijua stendi, anayeweza kusikia mlio wa injini akajua dereva anamdanganya au anasema kweli. Wewe umekaa darasani miaka thelathini. Biashara ya kuanzia uzeeni iwe ile ambayo tayari mikono yako au ya mkeo inaijua, na ambayo ikifa haiondoki na pensheni. Muheza ni nchi ya machungwa. Kama una shamba, milioni 3 au 4 za kupalilia, kubadilisha miti iliyozeeka na kuchimba kisima zina maana kubwa kuliko gari. Vyumba vya kupangisha navyo huvutia watu, lakini piga hesabu kwanza: vyumba vinne vya 40,000 ni 160,000 kwa mwezi pale vyote vinapokuwa na mpangaji, na kama ujenzi wake ulikula milioni 30, hatifungani ingekulipa karibu mara mbili bila kugombana na mtu kuhusu bili ya maji.

Kuna la kukuonya kwa ukali. Mwaka 2009 serikali iliifunga DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu na kuvuna mara mbili au zaidi, na wengi waliokuwa wamepanda mwishoni hawakuvuna kitu. Jina limekuwa likibadilika tangu wakati huo, safari hii simu ya mkononi, safari ile sarafu za mtandaoni, lakini mchezo ni uleule: aliyetangulia analipwa kwa pesa ya anayefuata. Wastaafu wanawindwa kwa sababu tarehe za mkupuo wao zinajulikana. Yeyote atakayekupigia akisema anaharakisha mafao kwa ada kidogo, kata simu.

Kwa kijana wako, mpe. Najua washauri wengine hukataza, lakini baba aliyesomesha kwa shida ana haki ya kumshika mwanawe mkono. Amueni kiasi, tuseme milioni 3, mbele ya mama yake na ndugu zake, iwe zawadi iliyokwisha, na wote wajue hakuna nyingine. Usiite mkopo, maana kumdai mtoto kunaharibu undugu, na kumsamehe kimyakimya kunawaumiza wengine. Na usimdhamini benki wala SACCOS. Mdhamini hulipa bila kuwa ameona faida.

Sasa hofu yako kubwa. Poleni kwa kuondokewa na wenzenu. Siwezi kusema kilichowaua, ila naweza kusema kinachobadilika kwa mwalimu anayetoka kazini. Kwa miaka thelathini umeamka alfajiri, umetembea, umesimama saa nyingi, umeitwa kwa jina la heshima mara nyingi kwa siku, umekuwa na watu wa kucheka nao ofisini. Siku moja vyote vinakoma pamoja. Mwili unakaa kwenye kiti, chakula kinabaki kilekile, na presha iliyokuwa ikijificha inapata nafasi.

Kwa hiyo kabla hujafika 60, nenda kituo cha afya ukapime presha, sukari, macho, figo, na tezi dume. Presha ikikutwa 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, ni ugonjwa hata kama hujisikii chochote, na dawa zake ni za kila siku, si za siku kichwa kinapouma. Chumvi yote ya siku nzima isizidi kama kijiko kimoja cha chai, ukihesabu na ile ya dagaa na ya mchuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mwendo wa kutoa jasho kidogo kwa wiki, ambazo ni nusu saa kwa siku tano, na siku mbili za kazi ya kukaza misuli. Jembe linahesabika, kubeba ndoo kunahesabika. Ukifika miaka 65 ongeza mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta, maana kuanguka ndiko kunakowalaza wazee wengi. Anza kutembea sasa, ukiwa na mwenzio wa kutembea naye, ili ukistaafu iwe tayari ni tabia.

Kadi ya bima ya afya nayo haitaki kusubiri. Uliza ofisi ya NHIF, ukiwa bado mtumishi, taratibu za kadi ya mstaafu na ya mwenza. Watoto na wazazi uliowaandikisha kama wategemezi hawatabaki nawe kama zamani, kwa hiyo kama una mama mzazi anayetumia kadi yako, tafuteni mapema na ndugu zako mpango mwingine wa kumtibia.

Na muda wako, Mwalimu. Hilo nalo liwekewe bajeti kama pesa. Watu wanaostaafu wakiwa na furaha wana mahali wanaposubiriwa: kwaya, darasa la madrasa, kamati ya shule, kikundi cha wakulima, baraza la bao. Chagua viwili ambavyo utaanza kuvihudhuria mwaka huu. Ukipenda kufundisha jioni watoto wachache wa jirani kusoma na kuhesabu, fanya, ila uwe na siku za kukataa, la sivyo utakuwa umehamishia shule sebuleni. Tenga pia 50,000 kila mwezi ya raha ya wawili. Nasisitiza, ya wawili. Msitu wa Amani uko wilayani kwenu, Pangani haiko mbali, na wajukuu wanapenda kutembelewa na babu aliyekuja na nauli yake ya kurudi. Pesa hii isikatwe mambo yakibana kidogo. Mkianza kukata hapo, mtaishi miaka ishirini mkilinda akiba ambayo hamkuionja.

Muongee pia na mama kuhusu mambo ambayo wanaume wa rika letu huyakwepa. Yeye ajue hatifungani ziko kupitia benki gani, namba za akaunti ni zipi, nani msimamizi wa mirathi. Andika wosia wenye mashahidi, na uulize PSSSF wakupe kwa maandishi warithi wako watapata nini ukitangulia. Atakapokuwa na majibu hayo, hatalazimika kuwaomba shemeji zake wamsomee barua.

La wiki hii ni dogo. Omba PSSSF taarifa ya michango yako yote tangu mwezi wa kwanza wa ajira. Wewe ulianza chini ya mfuko wa zamani, kabla mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF haijaunganishwa kuwa PSSSF mwaka 2018, na kumbukumbu za miaka hiyo wakati mwingine zina mapengo. Kila mwaka mmoja unaokosekana unakunyima kama 1,862,000 kwenye mkupuo na kama 18,600 kila mwezi. Linganisha majina na tarehe ya kuzaliwa kwenye barua ya ajira, kitambulisho cha NIDA na taarifa ya mfuko, herufi kwa herufi. Ukikuta mwaka haupo, chukua hati za mshahara za mwaka huo uende kwa afisa utumishi wa halmashauri, uondoke na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Kulifuatilia hilo kunaweza kuchukua miezi mingi, na mtu aliye kazini husikilizwa haraka kuliko aliyekwisha kukabidhi ofisi.